Mkebe wa Saa Saba: Sayansi ya Kufungasha Mboga Wakati wa Kaskazi

Januari huingia Vanga na mambo mawili kwa pamoja: shule zinafunguliwa, na kaskazi imeshika. Watoto waliokuwa wakila mchana nyumbani likizo nzima sasa watakuwa darasani mpaka alasiri. Wakubwa nao wamerudi kazini, wengine ufukweni na sokoni, wengine ndani ya matatu ya alfajiri kwenda Lunga Lunga, Msambweni au hoteli za Diani. Kila mmoja anahitaji chakula kilichopikwa kabla ya jua kupanda na kitakacholiwa saa saba mchana, tena katika msimu ambao joto la pwani ya kusini ni kali kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Hapo ndipo nyumba nyingi hukata tamaa na mboga. Mtoto anapewa shilingi za chipsi au mandazi, na mboga inabaki kuwa chakula cha usiku. Sioni kuwa ni uvivu. Watu wamejaribu, na mboga zimewaangusha.

Mimi pia ziliniangusha. Mwaka wa kwanza wa kumfungashia mwanangu chakula cha shule, nilipika mchicha wa nazi mara tu baada ya sala ya alfajiri. Nilikaa juu ya mbuzi nikakuna nazi, nikachuja kwa kifumbu, nikaupika mchicha kwa tui jepesi huku nimefunika ili uive upesi. Lile tui zito nililimimina mwishoni kabisa, nikaepua papo hapo. Nilionja, nikaridhika. Mboga ilikuwa bado inafuka nilipoipakua juu ya wali ndani ya mkebe wa plastiki na kuubana kifuniko mpaka kikalia. Alasiri mkebe ulirudi umejaa. Nilipoufungua, kijani kilikuwa kimegeuka rangi ya matope, maji yametuama chini, na harufu ilikuwa ile ya tui lililochacha. Mtoto alikuwa ameshinda na njaa, na kosa lilikuwa langu.

Niliwahurumia mchicha na mtoto kwa pamoja, kisha nikaanza kuuliza maswali. Makala haya yanaufuata mkebe ule hatua kwa hatua. Tukilielewa jani, moto, tui na vidudu tusivyoviona, tutaweza kujitungia chakula chepesi cha mboga kwa siku za shule na kazi, kila mtu na alichonacho jikoni.

Jani ni mfuko wa maji

Chukua mafungu mawili ya mchicha uyatie sufuriani. Yanajaa mpaka juu, mengine yanamwagika. Dakika chache baadaye unabaki na kiasi cha kiganja, na chini kuna maji ambayo hukuyatia wewe.

Karibu sehemu tisa kati ya kumi za uzito wa jani la mchicha ni maji. Yamo ndani ya vyumba vidogo mno viitwavyo seli. Kila seli ina ukuta kwa nje, na nyuma ya ukuta huo kuna utando mwembamba unaoyazuia maji yasitoke ovyo. Maji yakijaa, utando husukuma ukuta, kama mpira uliojazwa upepo ndani ya kikapu. Jani zima husimama kwa nguvu hiyo. Maji yakipungua, msukumo unapungua na jani linalegea. Ndiyo sababu mchicha ulionyauka sokoni, ukiusimamisha jioni ndani ya bakuli la maji, asubuhi unaukuta umechangamka: seli zimekunywa, na msukumo umerudi.

Moto huuharibu utando. Joto likipita nyuzijoto 60 hivi, utando unapoteza uwezo wa kuzuia, maji yanamwagika nje, na kuta zilizobaki zinalaliana. Mchicha haujapungua kwa kuliwa na moto; umetoa maji yake tu. Hivyo mpishi anayeongeza maji kwenye majani anajiongezea kazi ya kuyakausha baadaye.

Yakumbuke maji hayo. Tutakutana nayo tena chini ya kifuniko.

Kijani kinakwenda wapi

Rangi ya jani ni klorofili, kemikali ambayo mmea huitumia kunasa mwanga wa jua. Katikati ya kila molekuli ya klorofili kuna atomu moja ya magnesiamu, imekaa kama jiwe kwenye pete. Jiwe likiwa mahali pake, jani ni kijani kibichi. Likitoka, na nafasi yake ikachukuliwa na haidrojeni, rangi inakuwa ile ya mboga iliyochoka.

Kinacholing'oa jiwe ni asidi ikisaidiwa na joto. Asidi hiyo haitoki mbali. Mmea unayo yake, imehifadhiwa katika vifuko ndani ya seli, mbali na klorofili. Moto unapovunja tando, vilivyotengwa vinachanganyika. Baadhi ya asidi hizo huruka pamoja na mvuke. Sufuria ikiwa wazi, zinaondoka. Ikiwa imefunikwa, zinagonga kifuniko, zinapoa, zinadondoka tena juu ya majani. Nilipofunika mchicha wangu ili uive upesi, nilikuwa nikiuogesha kwa asidi yake mwenyewe.

Basi kanuni ya majani mateke ni hii: moto mkali, dakika tatu au nne, kifuniko pembeni. Ndimu isubiri wakati wa kula, kwa maana nayo ni asidi. Wako wanaotia magadi ili kijani kisitoke. Ni kweli magadi huishinda asidi, lakini huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini za kundi B, na jani hulainika mpaka likawa kama uji. Dakika tatu za moto mkali ni bora kuliko kijiko cha magadi.

Kisamvu kina sababu nzito zaidi ya kuachwa wazi. Majani ya muhogo yana kemikali iitwayo linamarini. Jani likitwangwa, kimeng'enya cha jani lenyewe huivunja linamarini, na mwisho wake hutoka sianidi ya haidrojeni, ambayo ni sumu. Sumu hiyo huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi, joto ambalo mchana wa Vanga hulipita bila moto wowote. Kinu kinaifungulia, moto unaifukuza, na chungu kilicho wazi kinaiachia njia. Bibi zetu waliotwanga kwanza na kuchemsha muda mrefu walikuwa sahihi kabisa. Kwa hiyo kisamvu kisipikwe kwa haraka ya alfajiri. Kiachiwe siku ya mapumziko, kipate muda wake.

Hesabu ya maradufu

Sasa tumtafute aliyekiharibu chakula. Bakteria wako kila mahali: kwenye udongo wa shina la mchicha, kwenye mwiko, kwenye vidole. Moto wa kutosha huwaua wengi. Lakini chakula kikishaiva, kijiko kisichooshwa au mkebe wenye majimaji huwarudisha wachache.

Wachache hao wanatosha, na hesabu ndiyo inayoeleza. Baadhi ya bakteria, wakipata kila wanachotaka, hugawanyika mara mbili kila baada ya dakika 20. Tuseme saa moja asubuhi mkebe una bakteria mmoja tu. Saa mbili wako 8. Saa tatu, 64. Saa nne, 512. Mpaka hapo ungeweza kusema hakuna kitu. Saa sita mchana wamefika 32,768, na saa saba, kengele ya chakula inapolia, wako 262,144. Iwapo kijiko kichafu kiliacha 1,000 badala ya mmoja, idadi ya saa saba inapita milioni 262.

Itazame vizuri hesabu hiyo, kwa maana ina mafunzo mawili. La kwanza, uharibifu mwingi hutokea mwishoni: saa moja ya mwisho peke yake inaizidisha idadi mara nane. Chakula cha saa sita na chakula cha saa saba havifanani hata kidogo. La pili, usafi wa mwanzo unazidishwa vilevile. Kuosha mikono kwa sabuni na kuukausha mkebe juani jana yake si adabu tu ya jikoni. Kunapunguza ile namba ya kwanza ambayo kila kitu kinazidishwa nayo.

Ili waongezeke hivyo, bakteria wanahitaji milango minne iwe wazi. Wa kwanza ni maji huru, yasiyoshikwa na chumvi wala sukari. Wa pili ni joto la vuguvugu: Shirika la Afya Duniani (WHO) linataja kati ya nyuzijoto 5 na 60 kuwa eneo la hatari, na linashauri chakula kilichoiva kisikae humo zaidi ya saa 2. Wa tatu ni ukosefu wa asidi. Wa nne ni muda. Mtu wa Vanga asiye na friji hawezi kuifunga milango yote. Lakini akifunga miwili kwa uhakika, mkebe una nafasi nzuri ya kufika saa saba salama.

Wali una hila yake. Yupo bakteria aitwaye Bacillus cereus, anayeishi udongoni na kwenye nafaka. Hujitengenezea spora, umbo dogo kavu lenye ganda gumu linalostahimili hata maji yanayotokota. Wali ukiiva, spora bado zimo, zimelala. Wali ukipoa polepole na kubaki vuguvugu, zinaamka. Baadhi hutoa sumu ya kutapisha ambayo haiondoki hata wali ukipashwa moto upya. Ndiyo maana wali wa mwiku uliolala sufuriani usiku kucha haugeuki kuwa salama kwa kupashwa tu asubuhi. Wali wa safari upikwe asubuhi ileile, ufungwe ukiwa wa moto kweli ndani ya chombo kinachohifadhi joto.

Tui, rafiki anayehitaji adabu

Kwetu, Wadigo kwa Wavumba, mboga bila nazi huonekana imekosa kitu. Sayansi inakubaliana nasi. Rangi ya kijani ya mchicha, majani ya kunde na mronge inaficha karotini ya rangi ya chungwa, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Karotini haiyeyuki katika maji, inayeyuka katika mafuta. Bila mafuta kidogo sahanini, sehemu kubwa yake hupita tumboni bila kufaidiwa. Tui linafanya kazi ya mwili pamoja na ya ulimi.

Lakini litazame tui kwa macho ya bakteria. Ni maji yenye matone madogo mno ya mafuta, pamoja na protini na sukari. Asidi yake ni ndogo. Wanasayansi hupima asidi kwa kipimo cha pH chenye namba kutoka 0 hadi 14: 7 ni katikati, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyopanda. Ndimu iko karibu na 2. Tui liko karibu na 6. Bakteria wengi wa hatari hushindwa kustawi chini ya 4.6, hivyo tui limewaachia mlango wazi kabisa. Tui bichi katika joto la kaskazi ni mali ya saa chache.

Hapo ndipo kosa langu kubwa lilipokuwa. Kumimina tui zito mwishoni na kuepua mara moja ni desturi nzuri kwa chakula kinachokwenda moja kwa moja sahanini. Kwa chakula cha safari, ni sawa na kutia kitu kibichi juu ya kilichoiva. Tui la mkebe linatakiwa litokote kwanza.

Mpishi ataniuliza: je, likikatika? Tui hukatika kwa sababu ya protini zake. Protini hizo huzunguka kila tone la mafuta kama ngozi na kulizuia lisishikane na jirani yake. Joto likikaribia nyuzijoto 80 zinaanza kuganda, ngozi zinapasuka, mafuta yanakusanyika na maji yanajitenga. Upawa unaokoroga bila kuchoka husambaza joto sawasawa na kuyatawanya matone kabla hayajaungana. Mama zetu waliposema usiliache tui peke yake, walikuwa wakiilinda ngozi hiyo.

Kwa hiyo ubadili mpangilio. Lichemshe tui na kitunguu, thomu na bizari, huku ukikoroga, mpaka lipungue na kuwa zito. Kisha tia majani, dakika tatu, kifuniko wazi, epua. Tui limetokota, maji yamepungua, kijani kimebaki. Kilichobadilika ni zamu tu, na kazi ni ileile.

Moto wa kweli, au ukavu wa kweli

Chakula kimeiva. Sasa kuna njia mbili za kukipeleka mpaka saa saba, na kati yake kuna shimo.

Njia ya kwanza ni kukiweka juu ya nyuzijoto 60 muda wote. Chombo chake kimo karibu katika kila nyumba: chupa ya chai. Mwaka 1892 James Dewar, mwanasayansi kutoka Skotlandi, alitengeneza chupa yenye kuta mbili na ombwe katikati ili kuhifadhi gesi alizozigeuza kuwa vimiminika baridi mno. Joto huhama kwa kupitia kitu, kwa kubebwa na hewa au maji yanayotembea, au kwa mnururisho kama ule wa jua. Penye ombwe hakuna kitu cha kulipitisha wala hewa ya kulibeba, na ukuta unaong'aa hurudisha sehemu kubwa ya mnururisho. Chupa ya aina hiyo yenye mdomo mpana hubeba pojo au mboga ya tui vizuri sana. Hotipoti la kawaida lenye povu ukutani ni dhaifu zaidi, lakini unaweza kulisaidia. Limiminie maji yanayotokota, funika dakika tano, mwaga, ndipo upakue. Usipofanya hivyo, ukuta baridi utakunywa joto la chakula kabla ya safari kuanza. Kisha lijaze mpaka juu, kwa sababu chakula kingi hupoa polepole kuliko kidogo, na mkanye mtoto asifungue kuchungulia. Saa saba chakula kikifunguliwa kifuke na kihitaji kupulizwa. Kikiwa vuguvugu tu, hotipoti hilo halifai kwa safari hiyo.

Njia ya pili ni kukiacha chakula kipoe haraka na kikauke kabla ya kufungwa. Chapati zikilundikwa zikiwa za moto, ya katikati hubaki na joto muda mrefu. Zikitandazwa moja moja juu ya sinia, kila moja inapata hewa juu yake. Unene ndio unaoamua. Kitu chenye nusu ya unene hupoa ndani yake kwa takriban robo ya muda, kwa kuwa joto lina safari fupi zaidi na linasukumwa kwa nguvu zaidi. Juu ya sinia weka kawa. Ukindu uliosukwa huzuia nzi na kuachia mvuke upite. Waliotangulia kuisuka walikuwa na akili ya mambo haya.

Shimo la katikati ni mkebe wa plastiki uliofungwa chakula kikiwa cha moto. Hauna ukuta wa kulihifadhi joto, kwa hiyo chakula kinashuka chini ya 60 mapema. Hauna nafasi ya kuachia mvuke, kwa hiyo mvuke unagonga kifuniko, unageuka maji na kudondoka. Milango miwili, maji na vuguvugu, unaifungua wewe mwenyewe kwa mkono mmoja.

Kuni, kunde na mikoko

Mboga za majani peke yake hazimshibishi mtoto mpaka jioni. Zinahitaji kunde, pojo, mbaazi au karanga. Protini hujengwa kwa vipande viitwavyo asidi amino. Wali, sima na ngano vina upungufu wa kipande kiitwacho laisini. Jamii ya kunde ina laisini tele, lakini ina uhaba wa kingine, methionini, ambacho nafaka zinacho. Wali kwa pojo unakamilishana. Mseto wa pwani ni hesabu nzuri ya lishe tangu zamani.

Kunde zinaogopwa kwa kula makaa, na dawa yake ni fizikia. Hapa usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzijoto 100, na yakishafika hapo hayapandi zaidi hata ukiongeza moto mara tatu. Moto wa ziada unageuza maji kuwa mvuke tu, na kazi hiyo ni ghali: gramu moja ya maji ili igeuke mvuke hula joto ambalo lingepasha zaidi ya gramu 5 za maji kutoka 0 hadi 100. Kwa kunde, basi, kifuniko kiwe juu na moto uwe mdogo, maji yakicheka polepole tu. Ni kinyume cha majani, na sababu ni hiyohiyo ya mvuke. Loweka kunde usiku. Maji yanayoingia usiku kucha bila gharama ni dakika nyingi ulizookoa jikoni asubuhi.

Huku kwetu akiba hiyo ina maana kubwa. Vanga, Jimbo na Kiwegu zinalinda pamoja hekta 460 za mikoko chini ya mradi wa Vanga Blue Forest, na kaboni inayohifadhiwa humo huuzwa kwa faida ya vijiji. Kila kifuniko kinachowekwa juu ya sufuria ya kunde kinapunguza haja ya kuni, na mkoko unaobaki umesimama unaendelea kutulindia pwani na mazalio ya samaki.

Vyakula vitatu vya wiki ya shule

Cha kwanza kinategemea moto. Usiku loweka pojo, chambua majani ya kunde au mchicha, uyasimamishe ndani ya maji. Asubuhi chemsha pojo kwa kifuniko huku wali ukiiva pembeni. Chemsha tui mpaka lipungue, changanya pojo, tia majani dakika tatu. Pakua vikiwa vinafuka: wali ndani ya hotipoti lililopashwa, pojo ndani ya chupa. Mfungie mtoto kipande cha ndimu pembeni akikamue wakati wa kula. Ndimu haikuwekwa kwa ladha pekee. Chuma kilichomo kwenye majani na kunde hunyonywa kwa shida na mwili, na vitamini C ikiwapo mlo mmoja nacho, kinanyonywa kwa wepesi zaidi. Vitamini hiyo huharibiwa na moto, kwa hiyo inafaa itoke kwa kitu kibichi. Chai hufanya kinyume, kwa kuwa tanini zake hukishika chuma. Isubiri saa moja baada ya chakula.

Cha pili kinategemea ganda. Nyanya nzima, tungule kama tunavyoiita, tango zima na karoti nzima bado ni viumbe vyenye ukuta wao. Ukikata, unaubomoa ukuta na kumwaga maji yaliyomo. Ukitia chumvi ndiyo zaidi, kwani chumvi ya nje huyavuta maji kutoka ndani ya seli kupitia utando. Kachumbari iliyotiwa chumvi saa moja asubuhi huwa inaogelea saa saba. Basi usiikate. Zioshe mboga kwa maji safi, zikaushe, zifungashe nzima pamoja na chapati mbili zilizopoa chini ya kawa, karanga za kukaanga, ndimu, na chumvi kidogo ndani ya karatasi. Mtu mzima kazini atakata mwenyewe kwa dakika mbili; mtoto atazimega na kuzitafuna moja moja. Karanga zichaguliwe: iliyosinyaa au yenye ukungu itupwe, maana kukaanga hakuondoi sumu ya ukungu.

Cha tatu kinategemea asidi, na kinatumia hila ileile ya chumvi kwa faida yetu. Kata kabeji nyembamba, paruza karoti na embe bichi. Nyunyizia chumvi, acha nusu saa, kisha kamua kwa mikono safi mpaka maji yatoke. Sasa mimina ndimu nyingi na kuchanganya mpaka kila uzi ulowe. Kwa kuwa umekwisha kuyatoa maji, ndimu haipati cha kuizimua, na uchachu wake unabaki mkali. Weka katika chombo chake, na boflo na karanga vikae penginepo; vikutane saa saba. Mlango wa asidi umefungwa, na wa maji umerudishwa nusu.

Jaribio la dakika kumi

Ukitaka kuyaona haya kwa macho, fanya na watoto jaribio moja Jumamosi. Pika mchicha kidogo, ugawe sehemu mbili zikiwa bado zinafuka. Moja itie ndani ya mkebe wa plastiki uufunge. Nyingine itandaze juu ya sahani, uifunike kwa kawa. Kaa dakika kumi, kisha waite watoto.

Gusa ndani ya kawa: pakavu. Sasa geuza kifuniko cha mkebe ukielekeze dirishani. Utaona matone yamejipanga, makubwa kwa madogo, mengine tayari yameanza kuteleza kurudi kwenye mboga. Mwambie mtoto ayahesabu. Maji hayo yalikuwa ndani ya jani, moto ukayatoa, mvuke ukayapandisha, na kifuniko kikayarudisha chini. Nilipofanya jaribio hili na mwanangu, aliligusa tone moja kwa kidole, akalitazama, akaniuliza kama ndilo lililomnyima chakula siku ile. Nikamjibu kwamba ndilo, na kwamba kuanzia sasa tutalifungulia njia.